Habari za Neno Katani

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisomesha katika shule moja wilayani Korogwe, mahali ambapo mtu akisimama mlangoni pa darasa huona mistari ya mkonge mpaka macho yachoke. Siku moja tulikuwa tukisoma habari za mavazi ya Haruni katika kitabu cha Kutoka, tukafika penye kilemba cha kitani. Mtoto mmoja, ambaye baba yake alikuwa fundi wa korona, yaani ile mitambo ya kukamua majani ya mkonge, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, huyu kuhani mkuu alivaa gunia?" Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nikamwambia kitani ni namna ya pamba, nikaendelea na somo.

Jibu lile halikuwa la kweli, na yule mtoto, naona, alilitambua; maana pamba aliijua, na katani aliijua zaidi. Katika nchi ya Tanga katani ni singa za mkonge, zile zisokotwazo kamba na kufumwa magunia, nazo huanikwa juani mbele ya macho ya watoto kila siku. Kutoka katani mpaka kitani ni irabu moja tu. Tangu siku ile nikaanza kutafuta neno hili limetoka wapi, nami nikaona kwamba limesafiri mbali kuliko nilivyodhani, tena katika safari hiyo halikushikamana na mmea mmoja.

Katani na kitani ni neno moja kwa asili. Sisi tumelipata kwa Waarabu, ambao husema kattan. Lakini Waarabu nao si wenye neno. Waaramu walisema kittana. Na zamani za kale zaidi watu wa Babeli na Ashuru, katika vibao vyao vya udongo, waliandika kitu, wakivuta sauti ya mwisho, maana yake nguo au uzi wa kitani. Wasumeri waliokuwa katika nchi ile kabla yao walisema gada, na wataalamu wengi huona kwamba maneno haya mawili yana uhusiano. Basi neno ambalo mtoto wa Korogwe hulitamka akipita penye kamba za kuanikia singa lilikuwa likitamkwa penye mito ya Frati na Hidekeli kabla ya Ibrahimu kutoka Uru.

Mtu angetazamia kulikuta neno hili katika Kiebrania, likiwa jina la mmea wenyewe. Lakini sivyo. Waebrania mmea huu waliuita pishta, na kwa nguo zake walikuwa na majina zaidi ya moja, kama bad, na shesh, ambalo ni neno la Kimisri, na butz, ambalo Wayunani walilifanya bussos. Neno letu limo, ila limejificha katika jina la vazi. Lile vazi ambalo Yakobo alimfanyia Yusufu, likawaletea nduguze wivu, kwa Kiebrania huitwa kutoneth, nalo ni la ukoo ule ule wa kittana. Wafanya biashara wa Foinike walilichukua jina la vazi hili baharini, Wayunani wakalipokea wakasema khiton. Nalo limekwisha kuonekana katika vibao vya kale kabisa vya Kiyunani vilivyochimbuliwa Krete, vya miaka zaidi ya 1,200 kabla ya Kristo. Hata Warumi, kwa maoni ya wataalamu wengi, walipata tunica yao kwa njia hiyo hiyo, herufi za mwanzo zikiwa zimepinduliwa mdomoni mwa watu wasiolijua neno.

Hivyo Yohana anapoandika habari za lile vazi lisilo na mshono ambalo askari walilipigia kura, neno aliloandika ni khiton. Watafsiri wa Kiswahili walitia kanzu mahali hapo, na kwa vazi la Yusufu pia walitia kanzu. Walifanya vema, maana kanzu ndilo vazi ambalo watu wa pwani walilijua. Lakini mimi hufurahi kidogo nikikumbuka kwamba chini ya kanzu zile mbili limelala neno katani.

Sasa imenipasa kueleza mmea wenyewe, kwa sababu wengi wetu tumeusoma jina tu wala hatujauona. Kitani ni mmea mdogo, mwembamba, wa kupandwa kwa mbegu kila mwaka. Kimo chake hufika kiunoni au kifuani mwa mtu, na maua yake mara nyingi ni ya buluu. Nyuzi haziko katika jani, kama zilivyo katika mkonge, bali ziko katika bua, chini ya ganda. Wakati wa mavuno hung'olewa pamoja na mizizi, wala haukatwi, ili nyuzi zisipunguzwe urefu. Kisha mabua hulowekwa majini, au huachwa nje yapate umande, mpaka yaoze kiasi na ganda liachane na nyuzi. Halafu hukaushwa, hupondwa, huchanwa kwa vitana vya meno makali, na mwisho husokotwa uzi. Mabua yale ambayo Rahabu aliwafichia wapelelezi juu ya dari ya nyumba yake yalikuwa yameanikwa kwa kazi hii. Na katika Misri mmea huu ulikuwa mkuu hata kupotea kwake katika pigo la mvua ya mawe kumetajwa pamoja na shayiri. Wamisri walivaa kitani, wakatweka matanga ya kitani, wakafunga maiti zao kwa sanda za kitani, ambazo nyingine zipo hata leo.

Mmea huu hupenda baridi ya kiasi. Baada ya vita ya mwaka 1914 mpaka 1918, walowezi wa Kizungu walioketi katika nyanda za juu za Kenya waliulima kwa pupa kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa, lakini mwaka 1920 na 1921 bei ikaanguka, na wengi wakafilisika. Pwani yetu haikuulima. Watu wa Mombasa, Pangani na Unguja walikijua kitani kama kitu cha kununuliwa, kikiwa nguo au kikiwa uzi, kilicholetwa katika vyombo vya biashara.

Jambo hili limeacha alama katika sarufi, na hapa nawaomba waalimu wenzangu watazame kidogo. Kiswahili kina desturi ya kuutia mti katika ngeli yake na nyuzi zake katika ngeli nyingine. Mkindu ni mti, ukindu ni majani yake ya kusukia mikeka. Mkonge ni mmea, ukonge ni nyuzi zake. Pamba nayo, ijapokuwa neno lenyewe linafanana sana na panba ya Waajemi, na yamkini limetoka huko, imepata mti wake, mpamba, kwa kuwa mti ulikuja ukapandwa uani. Lakini kitani haikupata mti. Ilikuja bila shina, na bila shina ikakaa. Mtu akisema mkatani siku hizi, huwaza mkonge, wala hawazi ule mmea wa Misri.

Tena kuna mtego. Neno kitani linaanza kwa ki, na wanafunzi hutaka kulifanya kama kitabu. Kitabu nacho ni Kiarabu, lakini kimekubali kuwa mwenyeji, kikazaa vitabu. Kitani haikukubali. Katika Biblia yetu tunasoma kitani nzuri, si kitani kizuri, kama vile tusemavyo hariri nzuri. Nimewahi kuona daftari ambalo mwalimu alikuwa amesahihisha maneno haya kwa wino mwekundu, na mwanafunzi ndiye aliyekuwa sawa.

Basi nguo ni kitani, na uzi ni katani: hivyo ndivyo, naona, matamshi mawili yalivyoanza kugawana kazi. Mshona matanga na mvuvi hawakuhitaji nguo laini ya makuhani. Walihitaji uzi mgumu usiokatika. Uzi wa namna hiyo wakauita katani, wala hawakuuliza umetoka katika mmea gani. Neno likiisha kuachana na mmea namna hii, liko tayari kukaa juu ya mmea wo wote utoao uzi mgumu.

Labda msomaji atadhani ni kosa la watu wa pwani, kuchanganya mimea kwa kutokujua. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipotazama lugha za Ulaya. Uko mmea mwingine wa nyuzi, ambao Wayunani waliuita kannabis. Herodoto, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asema kwamba Watrakia walifanya nguo za mmea huu zikafanana na za kitani, hata mtu asiye mzoefu sana asiweze kuzipambanua. Neno hili lilipoingia katika lugha za kaskazini, K ikawa H na B ikawa P au F, ndipo Waingereza wakasema hemp na Wadachi wakasema Hanf. Ijapokuwa maneno haya hayafanani na kannabis kwa sikio, ni neno lile lile.

Tangu hapo Wazungu walikuta mimea ya nyuzi katika kila nchi waliyofika, na karibu yote waliiita hemp au Hanf, kisha wakaongeza jina la mahali. Ule wa Manila ni aina ya mgomba. Ule wa Bara Hindi uitwao sunn ni wa jamaa ya marejea, ambayo wakulima wetu huipanda kurutubisha udongo. Ule wa Mauritius ni wa jamaa moja na mkonge. Katika New Zealand Wamaori walikuwa na mmea wao wa kufuma, harakeke, wenye majani marefu kama panga, na nyuzi zake huziita muka; Waingereza wakauita flax, yaani kitani, ijapokuwa haufanani na kitani hata kidogo. Wadachi walipouleta mkonge katika nchi yetu waliuita Sisalhanf. Ikiwa watu wenye bustani za elimu na vitabu vya mimea walifanya hivyo, tusimlaumu mvuvi wa Pangani.

Na hiyo kannabis yenyewe iko kwetu, ila jina lake limekuja kwa njia nyingine. Wahindi waliuita mmea ule bhang, Waajemi wakasema bang, nasi tukasema bangi. Ulaya waliupokea mmea kwa ajili ya kamba na matanga, sisi tukaupokea kwa ajili ya moshi. Kwa hiyo hakuna Mswahili anayesikia bangi akawaza kamba, isipokuwa ile ambayo askari atamfungia.

Sasa nije kwa mkonge. Neno hili ni la kwetu, na ni la zamani kuliko mashamba. Kabla Wazungu hawajaja, mkonge ulikuwa ule mmea wa porini wenye majani mazito, yaliyochongoka, yenye madoa, umeao chini ya vichaka katika nchi kavu. Wataalamu huuita Sansevieria. Watu walipondaponda majani yake wakapata ukonge wa kufungia na kutegea.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mdachi, Dr. Richard Hindorf, aliyekuwa amesoma habari za mmea wa nyuzi wa Mexico katika jarida la bustani ya Kew, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida katika Marekani. Miche ilipelekwa kwanza Hamburg, ndipo ikaletwa Tanga. Njiani mingi ikafa, hata ilipofika ilikuwa imebaki 62 iliyo hai. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, na katika hiyo 62 yakatokea mashamba. Kufika mwaka 1913 nyuzi zilizopelekwa ng'ambo kutoka nchi ile ya Wadachi zilikuwa karibu tani 20,000.

Mmea ulikuwa mgeni kabisa, wala hauna udugu wa karibu na mkonge wa porini. Lakini wenyeji walitazama jani refu, nene, lenye ncha ya mwiba, wakatazama na nyuzi zilizotoka ndani yake, wakasema: huu ni mkonge. Hata leo ule wa kwanza, mwenye jina, imetubidi tuuite mkonge pori, kana kwamba ndio uliokuja nyuma. Waganda nao walifanya vivyo hivyo: kigogwa ni ule mmea wa porini, na bugogwa zimekuwa nyuzi za mkonge wa mashamba. Wakikuyu wanasema makonge, neno la jamaa moja na letu. Wanyarwanda wana neno lao, umugwegwe.

Neno sisal nalo halikuwa jina la mmea. Sisal ni bandari ndogo katika Yucatan, nchi ya Mexico. Nyuzi zilipakiwa hapo, marobota yakaandikwa jina la bandari, na wanunuzi wa mbali wakaona jina la bandari kuwa ndilo jina la bidhaa. Mwaka 1838 Henry Perrine, aliyeipeleka mimea hii Florida, aliuandika katika elimu kwa jina la Agave sisalana, na hivyo bandari ikaingia katika vitabu. Watu wa nchi, yaani Wamaya, waliuita ki tangu zamani. Nao waliipambanua aina zake, ya kijani yaxki na nyeupe sakki, wakati ambapo wafanya biashara waliziita zote sisal. Kwa hiyo mmea tuuonao Korogwe unaitwa kwa jina la bandari ya Mexico, na kwa jina la uzi wa Babeli, na kwa jina la mmea wa porini wa kwetu. Jina lake lenyewe, ki, halikuvuka bahari.

Katika mashamba majina mawili ya Kiswahili yaligawana kazi kama ilivyo desturi. Mkonge ndio ulimwao na kukatwa. Katani ndiyo itokayo koronani, ikaanikwa, ikapigwa brashi, ikafungwa marobota. Wafanya kazi waliletwa kutoka mbali sana, Unyamwezi, Ufipa, Songea, hata Burundi na Msumbiji. Wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake. Hawa ndio walioyachukua maneno mkonge na katani mpaka bara. Mtu aliyekaa shambani miaka mingi alirudi kwao na neno katani, na katika kijiji chake hapakuwa na mtu aliyewahi kuona nguo ya kitani amsahihishe. Katika miaka ya kwanza ya 1960 na kitu Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikawa ya kwanza duniani. Baadaye nyuzi za plastiki zikaangusha bei, na mashamba mengi yakarudi kuwa mwitu. Lakini neno halikurudi lilikotoka.

Hapo ndipo penye shida ya yule mtoto wangu, nayo ni kubwa kuliko nilivyodhani siku ile. Katika Maandiko kuna nguo mbili zinazopingana. Moja ni kitani nzuri, nguo ya makuhani, nguo ya yule tajiri katika Injili ya Luka aliyekula anasa kila siku, na nguo ya utukufu katika kitabu cha Ufunuo. Ya pili ni nguo ya magunia, nguo ya msiba na toba. Kwa Kiebrania hii ya pili ni saq, iliyofumwa kwa singa za mbuzi, ambayo kwa njia ya Wayunani na Warumi imekuwa neno la mfuko katika lugha nyingi za Ulaya. Mtoto anayejua kwamba katani ni mkonge, na kwamba mkonge hufumwa magunia, akisoma kitani huona gunia. Basi kwake tajiri wa Luka amevaa kama Waninawi walipotubu, na mbingu imejaa watu waliovaa nguo za msiba. Asiyeuliza hutoka darasani na picha hiyo, wala hakuna atakayejua.

Nimesikia shauri la kuliacha neno kitani tukatwaa la Kiingereza, na shauri jingine la kutia bafta. Sikubali yote mawili. Bafta ni pamba, na ni kosa lile lile nililolifanya mimi. Nalo neno la Kiingereza limetoka katika linum ya Warumi, yaani kitani, tena halimwambii mtoto kitu cho chote. Afadhali tuzishike irabu tulizo nazo: kitani iwe ya nguo ile ya kale na mmea wake, katani iwe ya mkonge, na mwalimu aseme waziwazi kwamba ni ndugu wawili waliotengana. Na pale ambapo watafsiri waliona neno halifai, walijua kuliacha. Isaya alipotaja utambi utokao moshi, neno lake ni pishta, kitani, maana tambi za taa zilifanywa kwa nyuzi zake. Watafsiri wetu wakaandika utambi, na mtoto ye yote mwenye kibatari nyumbani aelewa.

Mwaka uliofuata, tulipokaribia sura ile ya Haruni, nilikwenda kwa padre nikamwomba kitambaa cha altare kilichokuwa kimechakaa, kwa maana alinihakikishia kwamba ni kitani halisi. Nikakileta darasani pamoja na singa za katani na kipande cha marekani. Watoto wakavipitisha mikononi kutoka dawati hadi dawati. Yule mtoto wa fundi wa korona alikuwa amepanda darasa, lakini nilimwita aje kidogo. Akakishika kitambaa, akakinusa, akakikunja na kukikunjua, akasema kimekunjamana upesi kuliko pamba. Kisha akauliza kama mmea wake unaweza kuota Lushoto, kwa kuwa huko kuna baridi.